Msihame Mkaacha Kumbukumbu

Mwanangu, nimesikia mnataka kuhama. Mmechoka na Subversion, mnataka kwenda Git kama walivyokwenda wenzenu wote, na mpango mnao tayari: Ijumaa jioni mnachukua nakala ya mwisho ya msimbo, mnaitia kwenye ghala jipya, mnaandika "mwanzo mpya", na Jumatatu kila mtu anaendelea na kazi. Miaka iliyotangulia mtaiacha huko huko ilipo kwa sababu, mlivyosema wenyewe, hakuna anayeisoma.

Sikukatazi kuhama. Mimi na mifumo hii ya kutunza historia ya msimbo tumehama pamoja tangu enzi za CVS, na mtu wa kuhamahama hana uso wa kumkataza mwenzake. Ninachokuomba ni unipe sikio katika hilo neno la mwisho tu, kwamba hakuna anayeisoma. Nimelijibu mara nyingi kwa vijana wengi, na pumzi yenyewe imeanza kupungua, lakini nitalijibu tena.

Historia ya programu haisomwi kama gazeti. Husomwa siku ya tabu. Tuseme mfumo wenu wa malipo una mstari unaoiamuru programu ingoje sekunde 7 kabla ya kurudia kutuma muamala. Kijana mgeni ataiona ile 7 aone ni uzembe wa wazee, ataweka 1, na majaribio yote yatapita. Wiki ya mwisho wa mwezi, mishahara ikiingia, wateja wataanza kupiga simu kwamba wamekatwa mara mbili. Aliyeandika mstari ule keshaacha kazi. Nyaraka hazisemi kitu. Lakini Subversion ukiiuliza mstari huu uliingia lini, itakujibu: badiliko r4521, na ujumbe wake: "Seva ya benki hukata muunganisho baada ya sekunde 6. Tukirudia kabla ya hapo muamala unaingia mara mbili." Hayo ni maneno ya mtu aliyekesha. Hayamo kwenye msimbo, wala kwenye mkataba, wala kwenye kichwa cha mtu yeyote aliyebaki ofisini. Mkihamia kwenye ghala jipya na nakala ya Ijumaa, 7 mtakwenda nayo, sababu yake mtaiacha.

Kule Kilimanjaro watu hupanda masale kwenye mipaka ya mashamba. Mgeni anayenunua shamba bila kuuliza ataona majani tu, atayang'oa apande migomba, na ugomvi utawakuta wajukuu. Ile 7 ni masale, mwanangu.

Najua jibu lako, maana kila kijana hunipa hilo hilo: mbona Linus Torvalds mwenyewe, aliyeandika Git, aliacha historia? Kweli, aliiacha. Ila kisome kisa hadi mwisho. Tangu mwaka 2002 kiini cha Linux kilikuwa kinatunzwa kwa BitKeeper, mfumo wa kampuni ya Larry McVoy, waliopewa watengenezaji wa Linux bure kwa masharti. Mwaka 2005 Andrew Tridgell akaandika chombo cha kuzungumza na seva za BitKeeper, McVoy akaona masharti yamevunjwa, na ruhusa ya bure ikaondolewa. Torvalds akaanza kuandika Git tarehe 3 Aprili. Tarehe 7 Git ikawa inatunza msimbo wake yenyewe. Tarehe 16 akaingiza Linux 2.6.12-rc2 kama komiti ya kwanza, yaani badiliko la kwanza kusajiliwa. Kwenye ujumbe wa komiti ile alieleza waziwazi kwamba historia yote wanayo, ila hajishughulishi nayo kwa wakati ule, kwamba ikiingizwa ingefika kama gigabaiti 3.2, na kwamba ghala la kihistoria linaweza kuundwa baadaye wakilitaka. Na kweli Thomas Gleixner alikuja kuliunda kutokana na kumbukumbu za BitKeeper.

Umeiona tofauti? Yeye alifukuzwa. Ninyi hakuna anayewafukuza, mmechoka tu.

Na hata yeye aliyekuwa na udhuru, gharama yake inalipwa mpaka leo. Watu wa Linux wanaporekebisha kosa wana desturi ya kuandika chini ya ujumbe neno Fixes, likifuatwa na namba ya komiti iliyolileta kosa lile. Pitia komiti zao utakutana tena na tena na namba hii: 1da177e4c3f4. Ndiyo ile ya tarehe 16 Aprili 2005. Siyo kwamba makosa yote hayo yalizaliwa siku moja. Yamezaliwa kabla ya Git kuwepo, na njia ya kuulizia imekatika pale. Anayetaka kwenda nyuma zaidi achukue ghala la historia, aliunganishe mwenyewe kwenye mashine yake kwa amri ya git replace. Wanaojisumbua ni wachache, na walio wengi huandika namba ile ile wakaendelea na shughuli zao.

Sasa nikupeleke kwa walioamua kwenda njia ndefu. GCC, kompaila ambayo Linux yenyewe imejengwa kwayo tangu mwanzo, ilitoka CVS kwenda Subversion Oktoba 2005. Ilipofika zamu ya Git, mabadiliko yaliyosajiliwa yalikuwa yamepita 280,000, mengine ya tangu mwaka 1988. Nakala ya Git walikuwa nayo tayari, ikijisasisha yenyewe kwa git-svn, na watu walikuwa wakiitumia kwa miaka. Wangeweza kusema hii inatosha, tuzime Subversion tukalale. Lakini fungua komiti moja ya nakala ile uangalie mwandishi: badala ya mtu utakuta jina la kuingilia, alama ya @, kisha 138bc75d-0d04-0410-961f-82ee72b054a4. Hiyo siyo anwani ya baruapepe ya mtu yeyote duniani. Ni namba ya utambulisho wa ghala la Subversion, ambayo chombo kiliibandika kwa kukosa kingine cha kubandika. Zaidi ya miaka 30 ya kazi ya watu, na hakuna hata mmoja mwenye jina.

Wakakataa. Eric Raymond alikuwa na chombo chake kiitwacho reposurgeon, alichokiandika kwa Python. Mzigo wa GCC ukakielemea, akakiandika upya kwa Go. Maxim Kuvyrkov naye akaleta njia yake iliyojengwa juu ya git-svn. Wakabishana hadharani, upande huu ukitoa matokeo na upande ule ukitafuta dosari, na katikati yao Joseph Myers akipitia tawi kwa tawi kwa subira ambayo laiti ingekuwa inauzwa ningewanunulia. Mwisho ikachaguliwa njia ya reposurgeon, na GCC ikahamia Git wikiendi ya tarehe 11 na 12 Januari 2020. Wikiendi moja, kama mnayoitaka ninyi. Ila ilikuwa wikiendi ya kumalizia kazi ya miaka.

Angalia walichokifanya kwenye ujumbe wa komiti, kwa sababu hapo ndipo utu wa kazi hii ulipo. Desturi ya kale ya GCC ilikuwa mtu kuandika orodha ya mafaili aliyoyagusa tu, bila kichwa cha habari. Ukiipitia orodha ya komiti kwenye Git ungeona mistari ya tarehe na majina isiyokueleza kitu. Kwa hiyo pale ambapo ujumbe ulitaja namba ya ripoti ya kosa, wakachukua kichwa cha ripoti ile kutoka Bugzilla wakakiweka juu, na chini yake wakauacha ujumbe wa asili kama ulivyoandikwa. Waliongeza mwanga bila kumtia mtu maneno mdomoni. Na mwishoni mwa kila ujumbe wakaacha mstari mmoja mfupi: From-SVN, herufi r, na namba ya zamani. Unaona faida yake? Baruapepe ya mwaka 2011 inayosema "hili lililetwa na r171823" bado inasomeka. Unaitafuta namba, unaipata komiti. Ninyi mna ripoti ngapi za wateja zinazotaja r hii na r ile? Mkihama bila mstari huo, zote zitakuwa zinaelekeza kwenye nyumba isiyo na namba.

Kwa nini kazi ichukue muda mrefu hivyo? Kwa sababu mifumo hii haifikiri sawasawa. CVS haikujua kitu kinachoitwa badiliko la mradi; ilijua faili. Kila faili lilikuwa na daftari lake, jina lile lile likiishia na mkato na herufi v, na ndani yake matoleo 1.1, 1.2, 1.3 na kuendelea. Ukigusa mafaili manane kwa kazi moja, CVS iliandika kumbukumbu nane zisizojuana. Chombo kama cvs2git kinapohamisha hulazimika kukisia: mwandishi ni mmoja, ujumbe ni ule ule, nyakati zimekaribiana, basi bila shaka ilikuwa kazi moja. Ni makisio ya busara, lakini ni makisio. Kama saa ya seva iliwahi kurudishwa nyuma, chombo kitayafunga pamoja yasiyohusiana au kitaigawa kazi moja vipande viwili. Lebo nazo zilibandikwa faili kwa faili, kwa hiyo lebo ya toleo 2.0 inaweza kushika faili moja la Jumanne na jingine la Alhamisi, hali ambayo mradi mzima haukuwahi kuwa nayo hata dakika moja. Hapo chombo hubuni komiti ili lebo ipate pa kukaa. PostgreSQL walikutana na komiti za kubuni za namna hiyo walipokuwa wanatoka CVS. Walijaribu, wakakagua, wakarekebisha, wakajaribu upya, na hawakufungua ghala la Git mpaka Septemba 2010 waliporidhika. Hao ni watu wa hifadhidata. Wanajua maana ya rekodi isiyowahi kutokea.

Subversion mnayotoka ni nyoofu zaidi, ila ina tabia zake. Kwake tawi ni folda iliyonakiliwa, na lebo ni folda iliyonakiliwa. Kinachozitofautisha ni heshima ya watumiaji tu. Hakuna kinachomzuia mtu kuingia ndani ya tags akahariri toleo mlilokwisha kumkabidhi mteja. Nenda kaangalie kwenu, nitashangaa usipokuta. Utamkuta pia aliyenakili nusu ya trunk akaiita tawi, aliyefuta trunk yote kwa bahati mbaya akairudisha baada ya nusu saa, na mabadiliko ya mwaka wa kwanza yaliyoandikwa kabla hata ya kuwepo folda za trunk, branches na tags. Ukiipa git svn chaguo la --stdlayout, la mpangilio wa folda hizo tatu, itaamini kwamba mlikuwa nadhifu tangu siku ya kwanza. Hamkuwa. Hakuna aliyekuwa.

Na Git ukifika huko haisamehe usahihishaji wa baadaye. Namba ya kila komiti inatokana na yaliyomo ndani yake, mwandishi, tarehe, ujumbe, pamoja na namba ya komiti iliyoitangulia. Ukisahihisha herufi moja ya jina kwenye komiti ya mwaka 2009, komiti zote zilizotokana nayo zinabadilika namba. Kabla hamjafungua ghala hilo si kitu: unafuta, unaendesha upya, unakagua, unafuta tena. Baada ya timu nzima kuchukua nakala na kuanza kazi juu yake, hapo umeingiza fitina. Ndiyo maana mazoezi yote hufanywa mlango ukiwa umefungwa, kwa skripti iliyoandikwa na kuhifadhiwa, siyo kwa amri zilizopigwa mkononi ambazo kesho hakuna anayezikumbuka.

Basi kazi yenyewe ianzie kwenye majina, na hapa nitakaa kidogo.

Subversion inamjua mtu kwa jina la kuingilia peke yake: jkm, asha, asha2, fundi, admin. Git inataka jina kamili na anwani. Kwa hiyo mtaandika faili dogo la maandishi ambalo kila mstari una jina la kuingilia kushoto, alama ya usawa, kisha jina kamili, na anwani ndani ya mabano ya pembe. Kazi inaonekana ya dakika kumi, ndiyo maana hupewa kijana wa mafunzo saa kumi na moja ya Ijumaa. Naye, maskini, hawajui watu hao, ataandika "admin" kwa wote au ataliweka jina la anayehamisha. Nimeona ghala, la ofisi nisiyoitaja, ambamo msimbo wote umeandikwa na mtu mmoja, hata ule wa miaka ambayo mtu huyo alikuwa bado shule ya msingi. Siku mkaguzi alipouliza nani aliandika hesabu ya kodi, kijana wa watu akawa anaulizwa habari za kabla hajajua kuwasha kompyuta.

Asha na asha2 ni mtu mmoja aliyesahau neno la siri akafunguliwa akaunti nyingine, au ni wawili? Hilo halipo kwenye seva. Lipo kwa watu. Piga simu. Waliohamia kampuni nyingine watakujibu, tena kwa furaha, kwa kuwa kila mtu hupenda kusikia kazi yake bado inatumika. Waliotangulia mbele ya haki watajie majina yao kamili kama walivyojiita, usiwafupishe wala usiwafute kwa kuwa hawana anwani inayofanya kazi. Anwani ya kazi waliyokuwa nayo wakati ule inatosha. Git haitaiandikia barua.

Waangalie watu wa Perl. Walipotoka Perforce na kufungua ghala lao la Git, Desemba 2008, hawakuridhika na kile kilichokuwemo ndani ya Perforce peke yake. Sam Vilain alikusanya matoleo ya kale na viraka vilivyokuwa vimehifadhiwa huku na huko, akaviunga kwa mpangilio, hata historia yao ikaanzia Perl 1.0 ya tarehe 18 Desemba 1987, kwa jina la Larry Wall mwenyewe. Kwa hiyo kuhama kwao kuliirudisha nyuma kumbukumbu yao kwa miaka mingi, wakati ninyi mnataka kuitumia kuikata. (Na ukifika kwenye jumbe za zamani chunguza maandishi yenyewe. Zilizoandikwa enzi za Latin-1, jina lenye alama juu ya herufi litageuka takataka usipolitafsiri kwenda UTF-8. Mzungu wa watu naye ana haki ya jina lake.)

Kuna kishawishi kitakachokujia katikati ya kazi, nacho ni kutengeneza sura. Utaona komiti iliyoandikwa "fix", ikifuatwa na "fix tena", ikifuatwa na neno nisilolitaja mbele ya watoto. Utatamani kuzikunja ziwe moja safi yenye ujumbe wa kiungwana, ghala likifunguliwa wageni waone tulikuwa watu wa maana. Usifanye hivyo. Zile tatu zinaeleza kwamba mahali pale pana ugumu, na anayekuja baadaye anahitaji kujua hilo kuliko anavyohitaji kutuheshimu. Ongeza maelezo kama GCC walivyoongeza, ila ya asili yaache.

Siri ni jambo jingine. Ndani ya historia yenu kuna nywila za hifadhidata, nakubashiria bila kuiona. Kuna mtu aliwahi kuiandika kwenye faili la usanidi, akaifuta kesho yake akadhani imekwisha. Haikuisha, na mkihamia kwenye seva ya nje itakwenda nayo. Zipo zana za kuitoa, git filter-repo mojawapo, na hapo una ruhusa yangu ya kukata. Lakini nywila yenyewe ibadilishe kwanza, leo, kabla ya kugusa historia. Kuifuta kwenye kumbukumbu hakumnyang'anyi aliyekwisha kuisoma. Na mafaili mazito yasiyohusika, ile zipu ya nakala ya hifadhidata na video ya sherehe ya ofisi, yatoe, kisha andika mahali kwamba umeyatoa, lini, na kwa nini.

Ukimaliza usiniambie "imekubali". Kukubali kwa chombo hakuna maana kwamba kimesema kweli. Chukua kila toleo mlilowahi kumpa mteja, litoe kutoka Subversion kwenye folda moja na kutoka Git kwenye folda ya pili, uzilinganishe faili kwa faili. Tofauti utaziona, na kila moja iwe na maelezo: folda tupu ambazo Git haizihifadhi, maneno kama $Id$ ambayo Subversion huyajaza yenyewe, miisho ya mistari ya Windows. Tofauti isiyo na maelezo ni sababu ya kurudi mwanzo. Nenda pia kwenye ile mistari mitatu minne mnayoiogopa, ile ambayo kila mtu ofisini anasema usiiguse, uulize git blame iliandikwa na nani. Ikikujibu kwa jina la mtu na sababu, mmehama. Ikikujibu kwa jina lako, bado.

Utasema haya ni mambo ya miradi mikubwa ya Marekani na Ulaya, sisi ni ofisi ndogo. Yapo hapa hapa. OpenMRS, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa ulioanza kutumika Eldoret mwaka 2006, ulikuwa kwenye Subversion kabla ya kuhamia Git. DHIS2, ambao takwimu za afya za Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda hupitia humo, ulikaa Launchpad kwa mfumo wa Bazaar kabla ya kwenda GitHub. Na ukweli ni kwamba sisi tunaihitaji historia kuliko wao. Kwao aliyeandika msimbo wa mwaka 1995 mara nyingi bado yupo kwenye orodha ya barua, anajibu. Kwetu mfumo huandikwa na mkandarasi, mradi wa wafadhili ukiisha anaondoka na kompyuta yake, na mwaka unaofuata waliobaki nao wamepata kazi kwingine. Kinachobaki kikishuhudia ni zile jumbe fupi kwenye seva ya chumba cha nyuma, ile ambayo fundi wa umeme huichomoa achaji simu.

Wala usidhani Git ndiyo kituo cha mwisho. Emacs walitoka CVS kwenda Bazaar mwishoni mwa mwaka 2009, kwa kuwa Bazaar ulikuwa mfumo wa GNU. Novemba 2014 wakauacha, wakaenda Git, kwa sababu Bazaar ulikuwa umedorora. Python wametoka CVS, wakapita Subversion, wakahamia Mercurial mwaka 2011, na Februari 2017 wakaingia Git. Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao, na kwenye kazi yetu misala haiishi kupita. Nyumba zenyewe nazo hufungwa: Google Code ilifunga mlango Januari 2016, na Bitbucket ikaondoa maghala ya Mercurial mwaka 2020, ya waliosoma tangazo na ya wasiolisoma. Kwa hiyo hamisheni kwa namna ambayo atakayehamisha baada yenu atawashukuru: skripti ihifadhiwe, faili la majina lihifadhiwe, na maelezo ya kila mlichokata yakae ndani ya ghala jipya lenyewe.

Seva ya zamani msiizime. Ifungeni kuandikwa tu, kwa kiskripti kidogo cha Subversion kinachomkatalia anayesajili na kumwambia ghala jipya liko wapi. Chukueni svnadmin dump nzima, nakala mbili, moja isikae jengo moja na seva. Ukimaliza ndipo ufundishe watu Git, na hilo halina siri: wakataze push ya nguvu kwenye tawi kuu, mengine watajifunza wakiumia.

Ijumaa hii iahirishe. Mwambie bosi wako ni mimi niliyesema, atanung'unika, ataelewa. Kazi ya kwanza ni kutoa orodha ya majina ya kuingilia kwenye Subversion, yote, pamoja na yasiyotumika tena. Nitumie orodha hiyo hata leo jioni. Wengi humo nawafahamu, na baadhi yao bado wanapokea simu.